Kiwambo cha Baba Mkwe

Kuna uziwi wa kuzaliwa nao, kuna uziwi wa uzee, na kulikuwa na uziwi wa baba mkwe, ambao ulikuwa na akili kuliko watu wengi wazima. Ukimwambia ndoo ya takataka imejaa, alikutazama kwa upole, akaweka kiganja nyuma ya sikio na kuuliza, "Unasemaje?" Ukirudia, aliuliza tena. Ukipaza sauti mpaka jirani akatoka kuchungulia, mzee alitikisa kichwa kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni wewe, na mwisho wa yote ndoo ilitolewa na mtu mwingine. Lakini mama mkwe akifungua kopo la biskuti kule jikoni, tena kwa kunyata, mzee alikohoa uani na kuingia kuuliza kama chai imeiva.

Mambo hayo yalikuwa yameendelea miaka mitatu. Watoto wa mtaa walishambandika jina la Mzee Unasemaje, na nyumba nzima ilishazoea kuongea kwa kelele. Mjukuu akitaka chumvi mezani, aliiomba kama mtu anayesimamisha basi. Bei ya kitanda kipya, ugomvi mdogo wa mke na mume, jino bovu la shangazi, yote yaliwafikia majirani yangali ya moto. Ungepita nje ya dirisha lao ungesema humo ndani wanaishi wapiga debe watupu.

Aibu kubwa zaidi ilimwangukia mkaza mwana wa nyumba hiyo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima masikio. Alikuwa na chumba chake kwenye kliniki, chenye kibanda cha kimya pembeni na mashine mbili mezani, na mchana kutwa alipima maseremala, madereva wa malori na watoto wenye mafua yasiyokwisha. Jioni alirudi nyumbani kumpigia baba mkwe makelele. Kinyozi hajinyoi, alijifariji. Isitoshe, kumpima baba mkwe si jambo la kulikurupukia. Ili plagi ya mashine ikae sawa tunduni, lazima ulishike sikio na kulivuta juu kidogo kwa nyuma, kama walimu walivyokuwa wakiwavuta wanafunzi watoro. Sasa ni mke gani aliyefundwa akafundika atakayesimama mbele ya baba wa mume wake na kumvuta sikio?

Siku moja hakupewa nafasi ya kuchagua. Mama mkwe alitokea asubuhi, akawapita wagonjwa wote kwenye benchi, akaingia huku akimkokota mumewe kwa mkono wa koti.

"Leo ni leo, asemaye kesho mwongo," alitangaza, mpaka wa kwenye benchi wakasogea karibu na mlango. "Mpime huyu. Nimechoka kuchezewa ndani ya nyumba yangu. Mashine yako ikisema hasikii, nitamtafutia kifaa cha kusikia na nitamwomba radhi mbele ya watoto wote. Ikisema anasikia, nahamia kwa dada yangu leo hii hii, yeye abaki na ndoo yake ya takataka."

"Jamani mama, tusifike huko."

"Nimeshafika."

Na mama mkwe akisema amefika, amefika. Aliwahi kugombana na muuza nyama, akaapa kwamba nyama ya mtu yule haitaingia kwake mpaka aombe radhi, na familia ikala maharage mwaka mzima, mpaka muuza nyama mwenyewe alipokuja mlangoni na kilo mbili mkononi. Ndoa ya miaka arobaini haikuwa salama mikononi mwa mtu wa namna hiyo. Mpimaji aliliona jambo hilo waziwazi. Akitoa ukweli, huenda akarudi nyumbani na mkwe mmoja. Akitoa uongo, atakuwa ameusema kwa mashine yake, na tangu aanze kazi hajawahi kuyasingizia masikio ya mtu.

"Baba amekula asubuhi?" alimwuliza mama mkwe, ili apate muda wa kufikiri.

"Amekula."

Mzee alikuwa amesimama katikati yao, anaangalia dari.

Mpimaji alimkalisha kitini, akanong'ona "samahani baba" ambayo haikujibiwa, akalivuta sikio na kuchungulia kwa taa yake ndogo. Akakuta pamba. Tena si pamba ya bahati mbaya. Ilikuwa imesokotwa vizuri, ikachovywa mafuta na kushindiliwa kwa ustadi. Akaitoa kwa kibanio, akahamia sikio la pili, akatoa nyingine.

"Baba, nani kakutia pamba masikioni?"

"Unasemaje?" alisema mzee.

Alimwingiza kwenye kibanda cha kimya, akamvalisha hedifoni na kumpa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mzee alikaa kama picha ya ukutani. Mpimaji alianza na sauti ndogo, akapandisha, akapandisha tena, mpaka akafika mahali ambapo hata meza ingeomba iachwe. Mzee akamtazama kupitia kioo na kutabasamu kwa unyonge, kidole kimetulia. Ni utulivu huo uliomponza kidogo. Kiziwi wa kweli ana wasiwasi. Hubonyeza hata pasipo na kitu, kwa kuogopa kupitwa. Huyu hakukosea hata mara moja, na mtu asiyekosea kabisa kwenye mtihani, ujue ameuona kabla.

Mpimaji akajaribu ujanja wa zamani. Alipomtoa kibandani alipita nyuma yake na kusema kwa sauti ya kawaida, "Baba, kuna nyuki kwenye ukosi." Mzee hakutikisa hata ukope. Alikuwa fundi, haki yake apewe.

Ilibaki mashine ya pili, ile isiyouliza mtu kitu.

Mwisho wa tundu la sikio kuna kiwambo, ngozi laini na nyembamba iliyowambwa kuziba njia. Mashine hiyo haina haja ya kujua mwenye sikio anasema nini. Inaziba tundu kwa plagi ya mpira, inasukuma hewa kidogo na kuivuta, huku ikipiga mlio mzito, kisha inapima mlio kiasi gani umerudi. Kiwambo laini kinachocheza vizuri humeza sauti. Kilichokakamaa huirudisha, kama ukuta unavyorudisha mpira. Mstari kwenye skrini ukipanda na kushuka kama kichuguu, kiwambo ni kizima. Ukilala chali, kuna tatizo. Baada ya hapo unapiga sauti kubwa. Sikio likiisikia, kuna kimsuli huko ndani hujivuta chenyewe na kukaza kiwambo, na mashine huona kwamba kimekaza. Kimsuli hicho hakimwombi mwenyewe ruhusa. Unaweza kuapa, kununa, kujitia hamnazo. Chenyewe kitajivuta tu.

Mzee hakulijua hilo. Alipoona hakupewa kitufe, akauliza, "Sibonyezi kitu?" Mpimaji akatikisa kichwa. Mzee akaegemea kiti, ameridhika, kama mtu aliyeambiwa mtihani umeahirishwa.

Hata hivyo uzoefu ulimtuma avuruge. Mstari ulipoanza kupanda, akameza mate, ukatetemeka. Ulipoanza tena, akakohoa. Mara ya tatu akapiga mwayo mrefu wa kutoka moyoni. Mpimaji akaona sasa basi. Akalishika sikio imara, akalivuta juu na nyuma na kulishikilia hapo, adabu zote alizofundwa akaziomba zisubiri nje. Mzee akatulia ghafla. Huenda alikumbuka shule.

Kichuguu kikatokea, kizuri, cha kuwaonyesha wanafunzi. Kisha mpimaji akapiga sauti kubwa, ileile ambayo kule kibandani haikumpata mtu. Kiwambo kikakaza. Akapiga tena, kikakaza tena. Akahamia sikio la pili, nalo vilevile, bila hata kusita. Kwa umri wake, mzee alikuwa na masikio ya kijana.

Njia ya mwongo fupi, wazee walisema. Mpimaji aliitazama skrini. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, nyuma yao, anasubiri. Na hapo baba mkwe, bila kugeuza kichwa, akazungumza kwa sauti ya chini kabisa, ya mtu mwenye akili zake timamu.

"Hicho kidude kimesema nini?"

Mpimaji nusura aliachie sikio. Miaka mitatu hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Alishtuka hivi kwamba alisahau aliko, akajibu kama mtu anavyomjibu mwenzake, "Kimesema unasikia, baba. Unasikia kila kitu."

Kisha akakumbuka kwamba mama mkwe yumo chumbani, hatua chache tu. Ameshaharibu. Alijikaza, akasubiri kiti kisogezwe, akasubiri kishindo. Hakukuwa na kishindo. Aligeuka polepole. Mama mkwe alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, anawakodolea macho.

"Mbona mmenyamaza?" alisema. "Mashine imesema nini?"

Mpimaji akamtazama mama mkwe, akautazama mdomo wake mwenyewe, kama ungetazamika. Miaka yote alidhani ule ukali wa kukazia macho midomo ya watu ni tabia. Wakaza wana wenzake wa nyumba ile walishawahi kujiuliza kama meno yao yana kitu. Akakumbuka pia kwamba mama mkwe alifanya kazi ujana wake wote kwenye kiwanda cha nguo, chumba cha mashine za kufumia, ambako watu walizungumza kwa mikono kutwa nzima.

"Bado tunapima, mama!" alisema kwa sauti kubwa, kisha akajifanya anarekebisha waya, mgongo dirishani. "Baba," alinong'ona, "mama hasikii."

"Hasikii vizuri," mzee alimsahihisha kwa kunong'ona. "Usiongeze chumvi."

"Na wewe?"

"Mimi ni hivi." Mzee alimeza mate, safari hii bila hila. "Jirani yetu alikuja kutuambia mwanawe kalazwa hospitali, hali mbaya. Mama yako hakupata hata neno, na yule bibi alikuwa anaongea ameinamisha uso. Akadhani ni habari njema. Akacheka, akampongeza. Chumba kizima kikapoa. Nikaona macho yake, mkwe. Yule mwanamke hajawahi kushindwa na kitu, na pale alikuwa kama mtoto aliyepotea. Nikaruka nikasema kosa ni langu, mimi ndiye niliyempa habari vibaya, siku hizi sisikii. Wakanionea huruma mimi. Wakaanza kunipigia kelele mimi. Sasa mtu akinipigia kelele mimi, si yeye anasikia?"

Mpimaji alitaka kucheka na alitaka kulia, na kazi yenyewe haikuwa imekwisha.

"Andika mimi ni kiziwi," alisema mzee. "Tumalize."

"Baba, siwezi kuandika uongo."

"Basi atahama."

"Najua."

"Kwenye ile ndoo nilikuwa nawaonea tu," mzee alikiri. "Mtu akishapata uziwi, anautumia."

Ujanja ukimwingia mtu haulizi umri wala cheo. Mpimaji alinyoosha mgongo, akamgeukia mama mkwe uso kwa uso, akatamka kila neno taratibu. "Mama, mashine inanipa majibu nisiyoyaamini. Nataka niijaribu kwenye sikio zima kabla sijamsingizia mtu. Nikupime wewe kidogo?"

Alitegemea ubishi wa nusu saa. Mama mkwe akasimama hapo hapo, akaja, akakaa. Mpimaji alipomshika sikio ndipo alipoona kwamba hana hereni, naye ni mtu asiyekwenda hata dukani bila hereni. Masikio yalikuwa yamesafishwa vizuri, kama ya mtoto anayepelekwa kwa wageni. Jambo hilo lilimshangaza, lakini mashine ilikuwa inasubiri.

Kichuguu kilipanda vizuri. Kiwambo cha mama mkwe hakikuwa na kosa lolote. Sauti kubwa nzito ikapigwa, kikakaza. Mpimaji akapandisha mlio kwenda kwenye sauti nyembamba, zile za ndege, za watoto, za watu wanaonong'ona. Kiwambo hakikushtuka. Akaongeza. Kiwambo kikalala pale laini, kimetulia, hakijui kama kumepigwa kitu. Kibandani ikawa vilevile. Mama mkwe alibonyeza kwa uaminifu kila mlio mzito, na ilipofika milio myembamba, alikaa anasubiri, anamtazama mpimaji kupitia kioo, kidole juu ya kitufe. Aliendelea kusubiri wakati mpimaji alishamaliza.

Alipotoka, mpimaji alianza kupanga maneno. Mama mkwe akamkata.

"Zile nyembamba sizipati, sivyo?"

"Mama, siyo kwamba..."

"Nitazame ukisema. Kosa liko wapi?"

"Liko ndani zaidi, mama. Viwambo ni vizima. Ni kelele za kiwanda ndizo zilizokula huko ndani. Kifaa kitakusaidia sana."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa bidhaa aliyoagiza. Kisha akamgeukia mumewe, aliyekuwa amejikunyata kitini. "Na huyu anasikia."

Hakuuliza. Mzee akaweka kiganja nyuma ya sikio kwa mazoea. "Unase..."

"Shusha huo mkono. Miaka arobaini, wewe. Unadhani siku ile ya jirani sikukuona? Sikusikia ulichosema, lakini uso wako nausoma tangu hujaota mvi. Lile kopo la biskuti, unadhani kwa nini nilikuwa nalifungua kwa kunyata? Nilikuwa nakuchunguza kama bado uko mzima."

"Ulijua?" Mzee alitoa macho. "Na ukanitisha utahama?"

"Ningekuambia tu twende tukapimwe, ungekuja? Ungeniambia twende nikapimwe mimi, ningekuja?" Alicheka peke yake, halafu kicheko kikakatika. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa tayari kuyaficha yangu mpaka kaburini, na wewe ukanisaidia kuficha, na nilikuwa naona raha, Mungu anisamehe. Lakini juzi mwanao kaja, kakuta umekaa pale sebuleni, kaniuliza mimi, 'Baba atakula?' Kama anauliza habari za kabati. Na wewe ukanyamaza kwa ajili yangu. Nikasema hapana. Hilo siwezi."

Mpimaji aliinamisha kichwa. Asubuhi ileile na yeye alikuwa ameuliza kama baba amekula, mzee amesimama mbele yake. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuunguza masikio.

"Baba, nisamehe," alisema.

"Si mlikuwa mnajua sisikii?" alisema mzee, lakini hakumtazama mtu.

Kulikuwa na kifaa cha majaribio kabatini, kidogo kama punje ya haragwe, chenye waya mwembamba. Mpimaji alikiandaa, akakipanga kulingana na vipimo, akakivalisha nyuma ya sikio la mama mkwe na kukiwasha. Mama mkwe akakunja uso. Akageuka kutazama ukuta, kisha feni, kisha sakafu.

"Mbona viatu vyako vinalia hivyo?" alimwambia mpimaji. "Kila siku vinalia hivyo?"

"Kila siku, mama."

"Na huko nje kuna mtu anakunja gazeti." Alisikiliza, midomo imefunguka kidogo, macho kwa mara ya kwanza hayako kwenye mdomo wa mtu yeyote.

Baba mkwe alisogeza kiti chake mpaka magoti yakagusana na ya mkewe. Akainama sikioni mwake, upande wenye kifaa. Miaka mitatu nyumba ile haikuwa na mnong'ono. Yote yaliyosemwa kati ya mtu na mke wake yalisemwa kwa kelele, mbele ya mtaa, au hayakusemwa kabisa. Sasa mzee alisema jambo kwa sauti ndogo hivi kwamba mpimaji, aliyesimama na waya mkononi umbali wa mkono mmoja, hakupata hata silabi.

Lilikuwa jambo refu kidogo. Mama mkwe alilisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, na machozi yakamshuka, naye hakuyafuta.

"Umesikia?" mzee aliuliza.

"Nimesikia."

Akamshika mumewe mkono kabla hajajiondoa.

"Rudia."